Anza na Fundo: Jinsi ya Kumchambua Mhusika wa Riwaya kwa Saikolojia Changanuzi

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha ya kurasa nane kuthibitisha kwamba Okonkwo, mhusika wa riwaya, alikuwa na "Idi kubwa na Ego dhaifu". Nilijiona nimefika. Mwalimu akanirudishia karatasi ikiwa na maneno mawili tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Umempima lini?" Siku ile sikucheka. Tangu hapo nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi wanaoitumia nadharia ya Freud, yaani hiyo saikolojia changanuzi, na nyingi zinaugua ugonjwa wangu ule ule. Mwandishi anaokota istilahi, anamvika mhusika kama joho la mahafali, anampiga picha, kazi imekwisha. Riwaya yenyewe haikufunguka hata kidogo.

Hapa tutakwenda kinyume: tutaanza na riwaya, na nadharia tutaifikia tukiwa na swali mkononi. Mfano wangu mpaka mwisho ni huyo huyo Okonkwo, katika Things Fall Apart ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958. Wengi wetu tulimjua kwa Kiswahili, katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Kama unayo nakala, iweke karibu. Kama hujaisoma, kaisome kwanza, maana hapa sifichi kitu hadi kwenye ile kamba ya mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta fundo

Soma riwaya mara ya kwanza kama msomaji yeyote, bila kalamu. Mara ya pili shika penseli, utie alama kila unaposimama na kujiuliza, "Huyu naye vipi?" Hapo pana fundo. Fundo ni pale tendo linapoizidi sababu yake, au mhusika anapokiharibu kile kile anachokitafuta, au anapochukia kitu kupita kiasi, au anaporudia kosa ambalo ameapa kutolirudia. Kama tendo linaelezeka kwa njaa, kwa sheria au kwa deni la kodi ya nyumba, humhitaji Freud. Liache lipite.

Fundo kubwa la Okonkwo ni kifo cha Ikemefuna. Kijana huyu aliletwa Umuofia, kwao Okonkwo, kama fidia, akakaa miaka 3 katika mji wa Okonkwo, akawazoea, akamwita Okonkwo baba. Okonkwo naye alimpenda kimoyomoyo. Alimwachia ambebee kigoda kwenda mikutanoni, kama mwana wa kumzaa. Kisha ikatoka kauli ya Mwaguzi wa Milima na Mapango kwamba kijana auawe. Mzee Ezeudu akaja kumwonya Okonkwo faraghani: huyu anakuita baba, usitie mkono wako. Hakuna aliyemlazimisha kuandamana na wauaji. Akaandamana nao.

Sasa tazama jinsi Achebe anavyoipanga safari yenyewe. Okonkwo anabaki nyuma ya msafara. Mtu mmoja anakohoa kusafisha koo, anainua panga, na Okonkwo anageuza uso. Pigo analisikia tu, halioni. Chungu cha tembo alichokibeba kijana kichwani kinaanguka na kuvunjika mchangani. Kijana anamkimbilia yeye, akilia kwamba baba, wameniua. Na Okonkwo, akili ikiwa imemruka kwa woga, anachomoa panga na kummaliza.

Mkatili hageuzi uso. Wala hatuwezi kusema ni utii tu kwa miungu, kwa sababu rafiki yake Obierika anamwambia baadaye, waziwazi, kwamba yeye asingepinga kauli ya Mwaguzi lakini pia asingekwenda kuitekeleza kwa mkono wake. Kumbe palikuwa na njia ya kutii bila kuua. Okonkwo hakuifuata, na riwaya imehakikisha kwamba tunalijua hilo.

Liandike fundo lako kama swali la sentensi moja: "Kwa nini Okonkwo, aliyempenda kijana na akaonywa asimguse, ndiye anayemmaliza?" Ukishindwa kuliandika hivyo, bado hujalipata, rudi ukasome.

Hatua ya 2: Chukua vifaa vichache

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki London mwaka 1939, aliandika mengi na akabadilisha mawazo yake mara nyingi. Kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899, ingawa jaladani kiliandikwa 1900. Ule mgawanyo wa nafsi katika sehemu tatu, ambao wanafunzi huudhania kuwa ndio mwanzo wa mambo, aliueleza kwa ukamilifu mwaka 1923, akiwa mzee wa miaka sitini na kitu. Kwa hiyo ukiandika "kwa mujibu wa Freud", sema ni Freud wa wakati gani.

Jambo moja dogo lilinisaidia kuliko mihadhara yote niliyohudhuria. Idi, Ego na Supaego, majina ya sehemu hizo tatu, yanasikika kama ya vidonge, lakini Freud hakuandika hivyo. Aliandika Kijerumani cha watu wa kawaida: das Es, das Ich, das Über-Ich. Kwetu ingekuwa kama kusema "Hicho", "Mimi" na "Mimi wa juu". Kilatini kililetwa na wafasiri wake wa Kiingereza. Hicho ni kile kilichomo ndani kinachotaka bila kujua kusubiri. Ndicho tunachokitaja tunaposema "sijui nini kilinipanda kichwani". Mimi ni yule anayehangaika kupatanisha matakwa hayo na dunia ilivyo. Mimi wa juu ni sauti za wazazi na jamii zilizohamia ndani yetu na kuanza kutuhukumu kutokea humo, na Kiswahili kilikuwa na sentensi yake kabla Freud hajazaliwa: nafsi inanisuta.

Juu ya hayo weka fahamu fiche, ambayo vitabu vyetu vya uhakiki huiita pia ung'amuzi bwete: yale yaliyomo ndani ya mtu ambayo mwenyewe hayafikii, ila huchungulia nje kupitia ndoto, mzaha, kusahau na kuteleza kwa ulimi. Lililo moyoni ulimi huiba, walisema wazee, na sidhani kama Freud angeongeza neno.

Kisha mbinu za kujihami. Sigmund alizitaja huku na kule. Binti yake, Anna Freud, ndiye aliyeziweka pamoja katika kitabu cha mwaka 1936. Ni nyingi, lakini kwa riwaya nne hufanya kazi karibu yote. Kukandamiza ni kukisukuma chini kile kisichovumilika mpaka mtu asijue kwamba anacho. Kuhamisha ni kulibeba hasira la huku na kulitua kule, kama mtu aliyefokewa na bosi anavyorudi nyumbani kuwafokea watoto. Kutupia ni kumbandika mwenzako lako mwenyewe. Nyani haoni kundule. Na kugeuza kinyume ni kuonyesha, tena kwa makeke, kinyume cha kile unachokiogopa ndani yako.

Jung, mfuasi wa Freud aliyeachana naye, muache. Lacan, Mfaransa aliyemsoma Freud upya, muache pia, walau kwa sasa. Si kwamba hawafai. Insha ya kurasa kumi yenye Freud, Jung na Lacan ni daladala iliyojaza, na abiria anayeshushwa njiani kila mara ni mhusika.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi bila kuutafsiri

Chora safu tatu daftarini. Ya kwanza ni ya anachotenda mhusika. Ya pili ni ya anachosema, na anachosema msimulizi juu yake. Usizichanganye sauti hizo mbili. Ya tatu ndiyo watu wengi huisahau: kile ambacho hakisemwi, mahali ambapo mhusika anakatishwa, ananyamaza, anabadilisha mada au anashindwa kupata neno.

Kwa Okonkwo, safu ya tatu inajaa upesi. Ana kigugumizi kidogo. Akikasirika na maneno yakagoma kutoka, hutumia ngumi. Hilo limo katika kurasa za kwanza kabisa, na wengi hulipita wakikimbilia ushindi wake wa mieleka dhidi ya Amalinze. Liandike. Andika pia kwamba hisia pekee aliyoiruhusu kuonekana hadharani ni hasira. Andika kwamba siku mbili baada ya kifo cha Ikemefuna hakugusa chakula, alikunywa tembo kutwa kucha, akamwita mwanawe Nwoye aje akae naye, na mtoto akamwogopa. Andika kwamba alijiuliza lini aligeuka kikongwe wa kike anayetetemeka. Usiseme bado maana yake ni nini. Wewe andika na ukurasa wake.

Angalia marudio pia. Neno moja likirudi mara nne kwenye kinywa cha mhusika yule yule, limebeba mzigo. Kwa Okonkwo neno hilo ni "mwanamke", kama tusi. Katika mkutano wa ukoo anamwambia Osugo, mtu asiye na cheo, kwamba mkutano ni wa wanaume. Anajiambia yeye mwenyewe vivyo hivyo baada ya Ikemefuna. Na kwa binti yake Ezinma, ambaye anampenda kuliko watoto wote, anasikitika: laiti angekuwa mvulana.

Hatua ya 4: Rudi utotoni, lakini usitoke nje ya kitabu

Hapa ndipo insha nyingi hufia. Freud alisema chanzo kiko utotoni, basi mwanafunzi anamtungia mhusika utoto. "Huenda Okonkwo alinyimwa mapenzi ya mama." Wapi? Ukurasa gani? Mhusika hana utoto nje ya ule alioandikiwa. Mwaka 1933 mhakiki Mwingereza L. C. Knights alitoa insha yenye kichwa kinachouliza Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, alikuwa na watoto wangapi, akiwakejeli wahakiki waliowafanya wahusika watu wenye maisha nyuma ya pazia. Kejeli ile haijazeeka.

Bahati nzuri Achebe ametuachia cha kutosha. Baba, Unoka, alikuwa mvivu mwenye madeni kila nyumba, mpole, mpenda filimbi na tembo. Aliona raha kuliko wakati wote mvua zilipokwisha na mavuno yakawa ndani, wapiga ngoma wakazishusha ala zao zilizotundikwa juu ya meko. Alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba uliokuwa chukizo kwa mungu wa kike wa ardhi, akabebwa kwenda kuachwa Msitu wa Uovu bila kuzikwa, na filimbi yake mkononi. Na kuna ile siku ambayo mtoto mwenzake alimwambia Okonkwo kwamba baba yake ni agbala. Ndipo alipojua kwamba neno hilo halimaanishi mwanamke tu, bali pia mwanamume ambaye hajatwaa cheo chochote. Achebe anatuambia wazi kwamba tangu hapo Okonkwo aliishi akichukia kila alichokipenda Unoka, na anavitaja viwili: upole, na kukaa bure.

Vitu viwili. Wanafunzi hukumbuka upole, husahau kukaa bure. Shika yote mawili, maana tunayahitaji sasa hivi.

Hatua ya 5: Jaribu ufunguo kwenye kufuli jingine

Dhana yako ya kwanza kuhusu fundo kubwa usiiamini mpaka umeijaribu kwenye fundo dogo. Ikifungua yote mawili, una kitu. Ikifungua moja tu, umebahatisha.

Chukua tukio la Sikukuu ya Viazi Vikuu Vipya. Kila mtu anafurahi. Wake wamesugua kuta kwa udongo mwekundu na kuzichora, watoto wamenyolewa mitindo. Okonkwo hana furaha. Anaona mgomba umeharibiwa, anafoka, na Ekwefi, mke wake wa pili, anakiri kwamba alikata majani machache tu ya kufungia chakula. Anampiga kipigo kizito. Kisha anaagiza bunduki aende kuwinda, na Ekwefi ananong'ona kitu kuhusu bunduki zisizowahi kufyatuka. Okonkwo anaichukua bunduki iliyojaa baruti, anamlenga akiruka ukuta mfupi wa ghala, anafyatua. Anamkosa.

Kwa majani ya mgomba? Msomaji wa kawaida atasema: ni mtu wa hasira. Hilo ni jina jipya la swali lile lile. Rudi kwenye daftari. Msimulizi ametaja kabla ya tukio kwamba Okonkwo hakuwahi kuchangamkia sikukuu kama wenzake. Kukaa siku kadhaa akingoja sherehe, au akipumzika baada yake, kulimtesa. Afadhali awe shambani. Sasa kumbuka Unoka. Wakati aliopenda Unoka kuliko wote ulikuwa ule wa kazi kwisha na watu kukaa. Sikukuu inamweka Okonkwo, kwa nguvu na kwa amri ya jamii nzima, ndani ya mwili wa baba yake: amekaa, hana jembe, anasubiri kula na kunywa. Jamii haiwezi kupigwa, na baba amekwisha kufa. Mgomba upo, na mke yupo. Huko ndiko kuhamisha. Halafu Ekwefi, bila kujua, anagusa jeraha lenyewe: mzaha wa bunduki unasema wewe si mwindaji, yaani mwanaume wa maneno tu, kama fulani tunayemjua. Ndipo panapolia risasi.

Dhana hii hii ipeleke kwa Ikemefuna. Kijana alimletea Okonkwo kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiletea: alimpa nafasi ya kuwa mpole. Mapenzi yale yalikuwa salama yalipokuwa ya kimoyomoyo. Lakini kule msituni kijana anamkimbilia mbele ya wanaume na kumwita baba. Upole wote unaanikwa juani. Panga lile linamkata Ikemefuna, ndiyo, lakini linamkata pia Unoka anayechungulia ndani ya Okonkwo. Achebe mwenyewe ameweka sababu pale pale: aliogopa kuonekana dhaifu. Sisi tunaongeza tu kwamba anayeogopwa hakuwa wanaume waliokuwa njiani peke yao.

Ona nilichofanya: sikutaja Idi hata mara moja. Ukiweza kuusema uchambuzi wako kwa maneno ya kawaida kwanza, istilahi ukizirudisha zitakuwa na kazi.

Hatua ya 6: Iulize nadharia kama imekaribishwa

Freud aliwasikiliza wagonjwa wa Vienna, wengi wao wa familia zenye baba mmoja mwenye kauli, mama na watoto. Changamano la Oedipus, yaani mtoto wa kiume kumwonea baba wivu na kumtaka mama, lilitokana na nyumba hizo. Mwaka 1927 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alileta hoja kutoka visiwa vya Trobriand, ambako ukoo hufuata mama na mwenye mamlaka juu ya mtoto ni mjomba. Akasema uhasama wa mtoto huko haumlengi baba. Ukiwa Mluguru au Mmakonde hukuhitaji kusafiri mpaka Pasifiki kulijua hilo. Frantz Fanon naye, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique, aliandika mwaka 1952 kwamba mtu mweusi chini ya ukoloni anaumizwa na dunia ya nje kabla ya kuumizwa na nyumba yake, na kwamba changamano la Oedipus lilivyoelezwa Ulaya halikumtosha.

Kwa hiyo usimlazimishe Okonkwo kumtaka mama yake. Mama hatajwi karibu popote mpaka pale anapokimbilia Mbanta, kijiji cha ujombani, kwa uhamisho wa miaka 7. Hapo mjomba wake Uchendu anamketisha mbele ya watoto na kumuuliza: kwa nini tunawapa mabinti jina la Nneka, mama ni mkuu, wakati mwenye nyumba ni baba? Okonkwo hajui. Mtu mzima, mwenye vyeo, hajui jibu ambalo utamaduni wake wote umelijibu. Mimi ningeandika kurasa mbili juu ya ule "sijui" peke yake. Umuofia haikumfundisha kuuchukia upande wa kike. Alijifundisha mwenyewe, na akadhani ni mila.

Hapa pia nadharia inasahihishwa na riwaya, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Kwa Freud, Mimi wa juu hurithiwa hasa kwa baba: sauti ya baba inahamia ndani ya mwana. Kwa Okonkwo haiwezekani, kwa kuwa baba hakuwa na sauti ya kuhukumu mtu. Sauti inayomsuta siku zile mbili za tembo bila chakula, ikimwita kikongwe wa kike, ni ile ya mtoto mwenzake aliyesema agbala. Amerithi hukumu kutoka kwa waliomcheka baba yake. Hakimu wake wa ndani ni mtoto wa jirani, na ndiyo maana hana huruma wala hakui.

Ukitaka kulinganisha, soma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Huko baba, Zakaria, anamchapa bintiye bila huruma kwa ajili ya barua ya mvulana, na yeye mwenyewe ni mlevi asiyejimudu. Wanafunzi huandika kwamba Rosa akiwa mbali na nyumbani "alishindwa na Idi". Ni jibu la haraka mno. Swali lenye nyama ni hili: sauti ya katazo inakuwaje ndani ya mtoto, ikiwa aliyeipanda hakuwahi kuitii?

Hatua ya 7: Jipinge

Tafuta kurasa mbili zinazouvunja uchambuzi wako na uziweke ndani ya insha, usizifiche. Mwisho wa riwaya, Okonkwo anamkata kichwa tarishi wa serikali ya kikoloni, kisha anajinyonga. Ukisema ni Unoka tena, umeugeuza ukoloni kuwa ugonjwa wa familia moja. Wazungu walimfunga kweli, walimnyoa kweli, tarishi walimchapa kweli. Kuna mambo yanayotoka nje, na mhakiki anayeyavuta yote ndani anamsaidia mkoloni bila kulipwa.

Hata hivyo tazama hiki kimoja kabla hujaifunga nadharia. Kujiua ni chukizo kwa ardhi. Wanaukoo hawaruhusiwi kumgusa, itabidi wageni wamzike. Unoka naye alikufa kifo cha chukizo kwa ardhi, akakosa kaburi. Mtu aliyekimbia maisha yote asifanane na baba yake amefia mlango ule ule. Freud alikuwa na wazo kwamba kilichokandamizwa hurudi, na kwa kawaida hurudi kwa njia ile ile iliyotumika kukizuia. Ukitaka kulitumia hapa litumie, lakini kama mpangilio wa riwaya, kazi ya mkono wa Achebe, si kama uchunguzi wa maiti.

Hatua ya 8: Andika

Anza aya na tukio, si na nadharia. Istilahi moja kwa aya inatosha. Kaa mbali na vitenzi vya hospitali: mhusika "haugui", "hapatwi na dalili", wala "hahitaji ushauri nasaha" (nimelisoma hili la mwisho kwenye tasnifu, si utani). Tumia "riwaya inaonyesha", "tukio linadokeza", "inasomeka kama". Nyakati ziwe za sasa. Na usimchambue mwandishi. Hata kama Achebe alikuwa na baba, sote tulikuwa nao.

Hivi ndivyo aya inavyoweza kukaa:

"Katika Sikukuu ya Viazi Vikuu Vipya Okonkwo anampiga Ekwefi kwa sababu ya majani ya mgomba, kisha anamfyatulia bunduki. Ukubwa wa hasira haulingani na kosa. Msimulizi ametangulia kueleza kwamba kukaa bila kazi wakati wa sherehe kunamtesa Okonkwo, na kukaa bila kazi ni moja ya mambo mawili anayoyachukia kwa kuwa Unoka aliyapenda. Tukio linasomeka kama uhamishaji: woga wa kufanana na baba, ambao Okonkwo hawezi kuukiri, unatuliwa juu ya mgomba na juu ya mke. Mzaha wa Ekwefi kuhusu bunduki unauchokoza woga huo kwa kugusa uanaume wake, na ndipo kipigo kinapogeuka risasi."

Hesabu: istilahi moja, matukio mawili, hakuna ugonjwa. Ukimaliza rasimu, chukua kalamu ya rangi na ufute kila istilahi ya nadharia iliyomo. Soma kilichobaki. Kama bado kinasema jambo ambalo mtu aliyesoma riwaya hakuwa amelijua, zirudishe istilahi na upeleke kazi. Kama kimebaki kusimulia hadithi upya, rudi hatua ya 1.

Fundo moja nimelipita makusudi, nikuachie. Usiku ule kuhani Chielo alipombeba Ezinma mgongoni kumpeleka pangoni kwa Agbala, Okonkwo alifuata gizani na panga lake, si mara moja. Alikwenda na kurudi hadi safari ya nne ndipo akamkuta Ekwefi amesimama mdomoni mwa pango. Hakumkata mtu. Hakufoka. Jina la mungu aliyemo mle pangoni na lile tusi la utotoni ni neno moja. Shika penseli.